Siku Sitini Nilizofichwa

Uriri,
Nyanza Kusini.
16 Februari 1969

Mpendwa shemeji Cephas,

Salamu kwako, kwa Monicah na watoto huko Mombasa. Mgongo wa Monicah unaendeleaje? Sisi tu wazima, mtama tumeshavuna. Baada ya salamu, nina hasira na sitaificha.

Ndugu yenu Javan ameandikisha shamba la marehemu Zadock kwa jina lake. Lote, toka barabarani hadi mtoni, pamoja na pale tulipomzika mume wangu.

Unajua nilifiwa Juni. Septemba wapimaji walimaliza, tangazo likabandikwa kwa chifu: mwenye malalamiko ayalete ndani ya siku sitini. Javan akaja kwangu na sauti ya upole. Eti mjane aliye matangani hakanyagi boma la mtu wala hafiki barazani, atawaletea watu mikosi. Nitulie, wapimaji bado hawajamaliza, wakimaliza ataniita. Huyo ni mzee wa kanisa la Sabato, aliyekataza nisinyolewe msibani kwa kuwa ni upagani. Mila ilimrudia siku ya tangazo tu. Nami mjinga nikatii, nikashinda nyumbani nikisuka vikapu.

Habari nilizipata kwa mkeo Monicah. Barua yake ya Januari ilisema mmefurahi shamba limeshaandikwa, Javan aliwaandikia tangu Septemba. Mimi jirani wa chifu nasikia habari za shamba langu kutoka Mombasa.

Karani wa ardhi aliniambia siku zilikwisha Novemba. Nikaenda Kisii kwa wakili. Yeye anasema nikithibitisha nilifichwa kwa hila, ataomba siku zihesabiwe tangu nilipojua. Lakini machozi hayatoshi, anataka karatasi. Barua ya Monicah ninayo, na muhuri wa posta. Inayokosekana ni ile Javan aliyokuandikia wewe Septemba, ionyeshe alijua yote huku akinidanganya.

Naitaka, shemeji. Usije ukaniambia imeliwa na panya. Javan ni ndugu yako wa tumbo moja, lakini Zadock pia alikuwa. Ndiye aliyeuza fahali wake wa kulimia ili wewe upate nauli ya kwenda kazini.

Msalimu binti yako Zilpah. Mwambie mwanao Japheth kaburi la baba yake mkubwa nalifagia kila Ijumaa. Mungu awalinde nyote, na akuonyeshe njia ya posta.

Wakili amenipa hadi mwisho wa Machi. Barua ikifika, nitamshtaki mtu mmoja. Isipofika, nitajua walionificha walikuwa wawili.

Akupendaye bado,
Filister, mke wa Zadock