Kisu mu shamba la katekista

Kavira mujukuu wangu,

Huku Butembo tuko bazima. Mama yako amevuna maharagi, magoti yangu yananisumbua kidogo tu.

Unaniuliza kama Kanisa lilichukua nafasi ya Israeli, maana mu chorale yenu ya kanisa munabishana.

Nikiwa kijana kule Masereka, mwalimu mumoja aliyetoka Kasai alisema kiisha misa, mbele ya batu: "Israeli imekwisha. Sasa ni sisi." Katekista wetu, mulimaji asiyesoma sana, hakubisha. Alitupeleka mu shamba yake kwenye muti wa avoka aliyopandikiza tawi la muti mwingine, akamupa mwalimu kisu, akasema:

"Tawi hili ndilo linazaa vizuri. Donc ukate shina ya chini, tubaki na tawi."

Mwalimu alisimama na kile kisu. "Litakauka," akasema polepole.

"Paulo aliandikia Baroma vile," katekista akasema. "Sisi ni tawi, Israeli ndiyo shina."

Mutu mumoja akauliza unabii juu ya Israeli utatimia lini.

"Ile mimi sijui," katekista akajibu, mbele yetu bote.

Tangu pale nimesikia bahubiri bengi benye kujua mwaka na siku. Mais ni ule katekista tu niliona mwalimu akimurudishia kisu kwa mikono mbili, kwa heshima.

Koko wako anayekuombea