Migomba Iliyowekewa Dripu

Kisaki

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimevua kofia, ingawa huioni. Miguu ina nguvu kidogo? Na uji, unakaa tumboni au bado unarudi? Mimi mzima, nimenenepa, na huku wananiita Dokta. Nitakueleza kwa nini.

Naandika kwa sababu kila nikitaja hospitali kwenye simu unakata. Barua haikatiki. Dada Zaina atakusomea mpaka mwisho, namjua, hata ukijifunika shuka.

Unakumbuka nilipokwambia kwamba shambani kwa tajiri tunaiwekea migomba dripu? Ukasema, "Inaumwa nini, malaria?" Basi sikukutania. Mipira myeusi yenye vitundu imelazwa kando ya kila mstari. Napitisha kwanza maji matupu, halafu nafungulia pipa la mbolea niliyoiyeyusha na kuichuja, halafu maji matupu tena ili vitundu visizibe. Mbolea inadondokea mizizini tone kwa tone. Na mwenye ufunguo wa pipa ni mimi, niliyeishia darasa la sita, niliyezunguka Dar mpaka Zambia nikitafuta kazi. Nikikohoa, shamba zima linageuka.

Ila nilipofika hapa palikuwa na kipande kimenyauka, majani yananing'inia. Msimamizi akanicheka: "Wewe Mluguru, umekuja kulima au kutibu maiti?" Nikafungulia hivyo hivyo, kidogo kidogo, kila asubuhi. Migomba mingi ikachomoza jani jipya, limeviringika kama mkeka, ndipo wakaanza kuniita Dokta. Michache ikaanguka, na watu wakasema mpira ndio umeiua. Nikaichimbua mwenyewe. Mizizi ilikuwa imeoza zamani, kabla mpira haujafika.

Zaina kaniambia ulivyowajibu wauguzi kule mjini walipotaka kukuwekea dripu, ukachukua kanga yako ukaondoka: "Mume wangu mlimtundikia chupa jioni, asubuhi nikamvika sanda."

Mama, hapa sina utani. Nilishika machela siku ile. Tulimteremsha mlimani hasemi tena, hata sisi wanawe hajui ni nani. Dripu haikumuua baba. Ilichelewa kumfikia.

Wewe bado unasema. Mtu mwenye nguvu ya kunikatia simu bado ana mizizi.

Ukishasomewa hapa, mwambie shemeji awashe pikipiki, akuendeshe taratibu kwenye mawe mpaka hospitali. Sindano ikija, tazama ukutani, uwanyooshee mkono. Mimi nimepata ruhusa ya wiki ijayo, lakini usinisubiri.

Nisalimie mjomba, mkubwa wa ukoo wetu. Mwambie kwa heshima asirudie kusema uachwe upumzike. Nisalimie watoto wa Zaina, na mama mdogo anayekupikia uji. Hata migomba ya baba nyuma ya nyumba ipe salamu, iambie Dokta yuko njiani.

Nikifika nikukute na plasta mkononi, unanigombeza.

Mwanao,
Hamisi