Gari la Sisi Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kunipeleka mahabusu, maana kalamu ninayoandikia barua hii ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa najifunzia kuiga saini ya mume wangu.

Mimi ni mshonaji, mume wangu ni fundi rangi wa majumba, tunaishi na watoto wetu wanne na mama mkwe ambaye figo zake zimegoma, hospitali wamesema lazima asafishwe damu mara tatu kwa wiki, na akitoka huko anakuwa hoi, hata kusimama kituoni kungoja basi hawezi, basi tukaona tununue gari la kumpeleka, nami nikauza cherehani yangu mpya nikabaki na ile kuukuu inayokata uzi. Mume akampigia simu dalali wa magari, mimi niko pembeni nasikia kila kitu, dalali akauliza, "Mnataka sisi ngapi, bosi?" Mume wangu akajibu kifua mbele, "Sisi tuko saba, ukimweka na mama." Nikasikia dalali anacheka, "Sawa bosi, nimekusoma, lenu ninalo." Akatuletea jigari la viti saba, injini ya sisi elfu tatu, na majirani wakaja kulishikashika huku tukijiona tumefika.

Mshauri, gari lile linakunywa mafuta kama limelaaniwa, kwenda hospitali na kurudi kunameza kazi yangu ya siku nzima, tairi zake bei haishikiki, bima ndiyo usiseme, na mume wangu alipolipeleka gereji fundi akafungua boneti akamuuliza, "Mzee, hii sisi ngapi?" naye akajibu, "Saba," gereji nzima ikaangua kicheko, mmoja akakaa chini akishika mbavu, na tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Sisi Saba. Jina hilo ndilo lililotumaliza. Kuna mkandarasi analitaka gari kwa bei nzuri, tungepata dogo na chenji tukabaki nayo, lakini mume hataki, anasema akiliuza watu watasema amekubali kuwa ni mjinga, kwa hiyo limelala uani halina mafuta, mama amekosa kliniki mara mbili, miguu imevimba, na nilipomwambia nimpeleke kwa basi akanijibu, "Mwache mwanangu, usimwaibishe zaidi." Nililia, mshauri, na nikamchukia mume wangu pale pale. Je, nikiiga saini nikaliuza, nitakuwa nimekosea?

Mke wa Sisi Saba

*Mshauri anajibu:*

Ndiyo, utakuwa umekosea, na hiyo kalamu iweke chini. Kadi ya gari ina jina lake. Ukighushi utalala ndani, na mama atabaki na nani? Hasira yako naielewa, hata mimi nimesoma barua yako nikauma meno, lakini mahabusu hawashoni nguo.

Sasa na wewe usikie. Mlinunua gari kwa kuhesabu makalio! Viti ni vya makalio, sisi, yaani zile "cc" zilizoandikwa kwenye kadi ya gari, ni za injini: zikiwa nyingi injini ni kubwa, na injini kubwa hainywi kwa adabu. Dalali aliona mmepotea njia akawasukuma mbele, laana ni yake, ila wewe ulikuwa pembeni unasikia. Kwa nini hukuuliza lita moja inalifikisha wapi? Mgonjwa mmoja na wa kumsindikiza walihitaji kigari cha sisi elfu moja tu. Siku mkinunua tena, tafuteni kwanza fundi asiyelipwa na dalali, awaambie habari ya mafuta, vipuri, tairi na bima. Bei ya gari unailipa ukamalizana nayo, lakini hayo mengine yanakula nanyi mezani kila siku.

Mumeo si mjinga, ni mwoga. Kutojua sisi si dhambi. Kumwacha mama avimbe miguu ili yeye asichekwe, hiyo ni dhambi, na mwambie hivyo hivyo, watoto wakiwa hawapo. Mwambie mgonjwa wa figo akiruka kliniki anakufa, na hapo mtakuwa sisi sita. Muulize hilo jina atalipokeaje.

Mkandarasi mpigie, mwombe asubiri kidogo. Lakini miguu iliyovimba haisubiri gari liuzwe. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, kodi teksi mama aende hospitali, na anayempeleka awe mumeo, si wewe. Akae kando ya kitanda mpaka mashine imalize, aone damu ya mama yake inavyotoka na kurudi. Akitoka pale bado anawaogopa watu wa gereji, usimbembeleze tena. Mama uwe unampeleka wewe, na gari mwachie, alale humo humo.