Mnajimu wa Duka la Miwani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za mbiombio lakini za moyoni. Hujambo wewe, na shemeji je? Goti lake limepoa, au bado ndilo linalompangia saa ya kuamka? Watoto wabusu mmoja mmoja, na yule mkorofi mbusu mara mbili. Sisi huku wazima wa mwili. Naandika nikiwa kwenye kaunta ya duka la miwani, kalamu mkono huu, kitambaa cha kufutia vioo mkono ule, na kila mlango ukifunguka naficha karatasi chini ya daftari la oda. Nivumilie mwandiko. Jirani yangu dereva wa lori anaondoka saa tisa kuja huko, na ameahidi kukukabidhi barua hii kesho jioni.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu utanikatiza, Dada. Utaniambia ningoje kwanza, na mimi nikingoja sitasema tena.

Gumzo la mji mzima ni pambano la Jumamosi. Mdogo wetu, Kisulisuli kama mashabiki wanavyomwita, anaingia kizimbani na yule wanayemwita Shoka, kugombea mkanda. Ni mchezo uleule usioupenda, ngumi, mateke na mieleka vyote ndani ya wavu mmoja. Na mimi, kama nilivyowahi kukuambia, nimevishwa cheo nisichokiomba: Mnajimu. Mapambano kumi na moja mfululizo nimetabiri nani atashinda na raundi ya ngapi, sikukosea hata moja. Wanaume wanatazama mikono. Mimi natazama miguu, na nani ameanza kupumulia mdomo. Basi wiki hii duka halikaliki. Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara ameingia mara tatu kujaribu miwani asiyoihitaji, kisha anainama kuniuliza Jumamosi naionaje. Fundi matairi amesema nikizidi kunyamaza atajua nimenunuliwa. Nikamwambia akazibe pancha. Hasira zangu unazijua.

Ukweli ni kwamba utabiri ninao. Nimeutafuna wiki tatu, haumezeki.

Mwezi uliopita mdogo wetu alikuja kwangu kula mchana. Akajimiminia maji, akayamimina mezani, kando kabisa ya glasi, akaendelea kumimina huku akinisimulia mazoezi. Nilicheka, naye akacheka. Alipoinuka kwenda kuchukua kitambaa, bega lake la kushoto likagonga mwimo wa mlango, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikamkalisha, nikamziba jicho la kulia kwa kiganja, nikamuuliza nimenyoosha vidole vingapi. Akakiondoa kiganja changu taratibu. Baadaye akasema kuwa mazoezini aliingiwa jichoni na kidole gumba cha mwenzake, ukungu ukaanzia pembeni, ukasogea siku hadi siku, na sasa jicho la kushoto linaona mwanga tu. Mwalimu wake hajui.

Sasa wewe mambo haya huyafuatilii, ngoja nikueleze. Silaha ya Shoka ni mguu wa kulia, na mguu wa kulia humfikia mtu kichwani, upande wake wa kushoto. Watu wanne wameshatolewa kwa machela kwa teke hilohilo. Mdogo wetu hataliona likija. Raundi ya kwanza, dakika ya pili au ya tatu. Huo ndio utabiri wangu, Dada, na ninachokiogopa si kushindwa.

Nilimwambia ajitoe, akatibiwe. Mwanamume mzima, akapiga magoti sakafuni jikoni kwangu, akasema, “Pambano moja tu, Dada. Nikishika mkanda, hospitali nitakwenda kwa miguu yangu.” Miaka saba analala na kuamka na mkanda huo. Akaniomba nisikuambie, presha yako isije ikapanda. Nikakubali. Na laiti ningeishia hapo.

Wapiganaji wote hupimwa macho mara mbili kabla ya pambano, hapa dukani kwetu. Daktari wa mashindano ni wa mifupa. Moyo na mbavu anavipima mwenyewe, kwa macho anatumia ubao wetu wa herufi. Huanza na jicho la kushoto. Mtu anaziba la kulia, ndipo mimi navuta pazia la ubao na kuonyesha kwa fimbo. Pazia tuliliweka makusudi, watu wasije wakakariri. Basi jicho bovu lilipitaje kipimo cha kwanza? Ni mimi. Nilimfundisha ubao mzima. Siku mbili, saa ya chakula, mlango nimeufunga, mstari kwa mstari, mpaka akawa anazitaja herufi akiwa amenipa mgongo. Nikamfundisha hata kusita kidogo kwenye mstari wa mwisho, asionekane amekariri. Daktari akamsifu, akasema huyu ana macho ya mwewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilitaka ule mkanda uje kwetu. Nilitaka watu waseme Mnajimu naye ana ndugu.

Tangu siku hiyo situlii. Kioo kimoja nakifuta mara nne. Mama alikukabidhi wewe huyu kitinda mimba, na wewe ulipoolewa ukanikabidhi mimi, ukasema unaniachia mtoto, si mzigo. Angalia nilivyomtunza.

Kipimo cha mwisho ni kesho saa tatu asubuhi. Jana nilikwenda kumsihi tena. Alinikumbatia, akaniambia nimtabirie ushindi tu, mengine nimwachie yeye. Nikaenda mpaka mlangoni kwa daktari, nikageuza nikarudi. Basi leo asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, nimeushusha ubao na kutundika mwingine uliokuwa stoo. Ukubwa uleule, herufi nyingine kabisa. Ni woga, najua. Kesho atasimama pale na uhakika wake wote, ataziba jicho la kulia, nami nitavuta pazia. Nitagusa mstari wa kwanza kwa fimbo, naye atasoma kwa sauti nzuri, bila kusita, herufi ambazo hazipo.

Unaposoma haya, yameshatokea. Daktari nitamwambia mwenyewe nani alimfundisha, na kazi ikienda, iende. Mdogo wetu atakuja kwako, maana hana pengine. Mfungulie. Akinitukana, mwache anitukane, usinitetee. Mpeleke hospitali tu, hata kama itabidi umvute mkono.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Dereva ameshapiga honi mara mbili, na bahasha naifunga bila kuirudia, nisije nikaichana.

Ni mimi, mdogo wako,
uliyeniachia mtoto.