Muti Moja Nyuma ya Jiko

Lubero, tarehe 12 mwezi wa tatu 1968

Kwa yaya Hippolyte, kaka yangu mukubwa, kule Oicha,

Huku tuko bazima, mvua tu ndiyo imezidi. Lakini miti ya matunda ya prune inagonjwa! Majani inatoka viduara vya manjano, hata mi naishangaa kila asubui. Agronome Omer, ule bwana wa kilimo, aliniazima loupe yake, kioo ya kukuzia vitu, nikatafuta mududu, hapana. Anasema ni virusi inapita ndani ya greffe, kitawi cha kuunga ku muti ingine. Donc kile kitawi baba alikuwa anapatia kila mutoto mwenye kuoa, akifunge ku muti yake, ndicho kilipeleka ugonjwa mu mashamba yetu yote.

Muti moja tu iko safi: ile ulipanda na mbegu nyuma ya jiko, siku ulioa na baba akakunyima kitawi juu ulitembeaka na barebelle, wale waasi. Tangu pale hakuna mwenye kutaja jina yako hapa.

Jana baba alisimama pale na kisu. Niliogopa ataikata. Akashika kitawi kimoja, akaniuliza polepole: «Mwenye muti atakubali?»

Unijibu wewe, yaya. Hii karatasi ya kukuandikia, baba ndiye aliniletea.

Mudogo wako,
Godelive