Kila Mgeni Zamu Moja

Jumamosi, 1 Machi

Usafi, kama kila Jumamosi. Baba Riziki kitambaa cha vumbi na spika, mimi choo na jiko. Mgawanyo wa haki, eti. Kabonyeza kitufe cha kuchanganya nyimbo kwenye mashine yake ya muziki. Ikaja kwaya. Ikaja rumba. Ikaja kwaya ileile. Nikapiga kelele kutoka chooni: nyimbo elfu kumi na moja humo ndani na tunasikia tano! Hakunisikia. Nilikuwa upande wake wa kushoto.

Nikakaa juu ya ndoo, nikalia kidogo. Kisha nikamalizia sinki.

Sikio la kushoto la Baba Riziki lilikufa kwa homa akiwa mtoto, Uvira. La kulia ndilo lililobaki, na sasa lina uvimbe huko ndani. Upasuaji tarehe 27. Daktari hakuzunguka: uvimbe utatoka, na huenda usikivu ukatoka nao. Mimi nahudumia wazee majumbani mwao mwaka wa kumi na nne huu. Naijua "huenda" ya madaktari.

Jumatatu, 3 Machi

Anataka kusikia nyimbo zake nyingi iwezekanavyo kabla ya tarehe 27. Sawa. Nimemwambia aandike orodha. Hataki. Anasema akichagua atachagua zile anazozijua tayari, anataka zije zenyewe. Ukaidi wa watu wa Uvira! Sisi wa Kigoma tunakunywa maji ya ziwa hilohilo lakini hatuko hivyo.

Basi tunangoja zije zenyewe. Zinazokuja ni zilezile.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mapumziko. Nimekaa na daftari mbele ya mashine nikiandika kila wimbo unaopita. Arobaini. Kwaya ile, ya "inueni macho" sijui nini, imekuja mara nne. Kila mara ina jina tofauti. Nikadhani nimechoka. Nimemwita Riziki, mwanetu, aje Jumapili. Anaishi Husby, upande wa pili wa jiji, na mwenzake, anasomea mambo ya kompyuta. Usingizi nilioupoteza zamu za usiku ili asome na ufanye kazi.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Mbaya kwa sababu yangu.

Riziki kaja. Mimi Kiswahili, yeye Kiswidi, kama siku zote, na tunaelewana. Kafungua mashine, kacheka, kisha akaacha kucheka.

Ni ile desturi ya baba yake. Tangu tuhamie hapa Norsborg, mgeni hajapewa chai kabla ya kuulizwa kama ana flashi. Mgeni njoo mwenyeji apone, na yeye alipona kwa nyimbo. Anazihamisha zote, kila ujio upya, halafu kila wimbo anaufuta jina na kuubandika jina la aliyeuleta, asimsahau. Mama Esta 4. Mchungaji 212. Shangazi wa Fittja 9. Sasa wageni wetu wote wanasali makanisa mawili hayohayo na wanasikiliza kwaya ileile. Wimbo mmoja umo mara mia saba, kwa majina mia saba. Mashine maskini inadhani ni nyimbo mia saba! Riziki anasema mashine haina kosa, inachota kwa haki. Ila debe likijaa maharage mekundu utachota mekundu.

Nikasema futa. Zinazojirudia zote, futa. Nikashika mashine mwenyewe.

Baba Riziki akaifunika kwa mikono yote miwili. Akasema hamfuti mtu yeyote. Ya Mama Esta si ya Mchungaji, Mama Esta aliileta siku alipopata makaratasi ya ukaazi.

Nikamwambia: basi utakuwa kiziwi ukisikiliza kwaya moja.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu. Riziki alikuwa anatazama dirishani. Baba yake alikuwa amenigeuzia sikio la kulia, kwa hiyo alisikia kila neno.

Jumatatu, 10 Machi

Baba Riziki kala sombe, kisamvu cha kwao, bila kuinua macho. Mimi kuomba radhi sijui, sikufundishwa. Nimemkaangia dagaa, wale wa akiba. Kala wote. Kaniachia mmoja pembeni mwa sahani.

Jumanne, 11 Machi

Hospitali wamepiga simu. Kuna nafasi imetoka, wamempa yeye. Tarehe 18, si 27. Wanasema ni habari njema, mapema ni salama zaidi. Najua. Lakini wametunyang'anya siku tisa.

Nimepanda treni kwenda kwa mzee wa kwanza nikapitiliza vituo vitatu. Nilipofika alinikaripia kuhusu kahawa. Nikamwachia akaripie, angalau ana masikio ya kujisikia.

Naogopa. Sina neno lingine.

Jumatano, 12 Machi

Riziki kaja bila kuitwa. Kaketi sakafuni na koti lake mwilini, kafanya kazi tangu saa tisa mpaka chakula cha jioni. Hakufuta hata wimbo mmoja.

Amefanya hivi: kila mgeni kampa folda yake. Folda sitini na tatu. Sasa mashine haichoti wimbo, inachagua mtu kwanza. Kisha inachukua wimbo wake mmoja tu. Mtu huyo akishapita, anangoja mpaka wote wamepita. Kumbe ndiyo ilikuwa shida nyingine! Mchungaji ana nyimbo mia tisa, alikuwa anawakanyaga wenye wimbo mmoja. Mbele ya mashine hii mpya Mchungaji ana zamu moja kama mtu yeyote. Naona raha isiyo ya Kikristo.

Kabonyeza. Wa kwanza kutoka: Ndayi, Mrundi aliyekuwa akiosha mabasi na mume wangu miaka ile ya mwanzo. Folda yake ina wimbo mmoja tu. Gitaa, na mtu anacheka katikati. Baba Riziki kasimama, kakaa, kasimama tena. Hajausikia miaka kumi na zaidi.

Riziki kasema "varsågod, pappa," yaani karibu, baba, akaenda kujifungia bafuni. Nimesikia maji yakimwagika muda mrefu.

Ijumaa, 14 Machi

Sasa kapata wazimu mpya. Wimbo ukija, anatazama jina, anampigia simu mwenyewe. Wengine hajaongea nao tangu Riziki akiwa mdogo. Hawaambii habari ya upasuaji. Anasema tu: nimesikia wimbo wako, nikataka na sauti yako. Simu sikio la kulia, macho kafumba. Shangazi wa Fittja kamwimbia. Mama Esta kasali dakika ishirini, pamoja na sala ya kufungua na ya kufunga. Ndayi kalia, na Ndayi ni jitu la mabega. Namba mbili hazipo tena.

Nyumba imejaa watu, na niko peke yangu jikoni nakata vitunguu.

Alipokwenda kuoga nikasoma orodha ya folda. Juu mpaka chini, halafu tena. Sitini na tatu. Yumo mpaka fundi wa friji. Mimi simo.

Kwani ningekuwemo vipi? Sikuja kwake na flashi, nilikuja na sanduku na mimba ya miezi mitano. Upuuzi mtupu. Imeniuma hata hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani wamemwekea mikono. Kaona aibu, kawa mdogo kama mtoto. Nilitaka kuwaambia wamwache, nikaacha, kwa maana na mimi nilikuwa nimeweka wangu.

Nyumbani, nyimbo na simu. Kaniuliza nina nini. Nikajibu hakuna kitu, kwa sauti ya mtu mwenye kitu. Aliisikia. Bado anasikia vizuri, ndiyo balaa lenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Naandika ukumbini, hospitali. Wamemwingiza. Watu hapa wananong'ona, hata viatu vyao vinanong'ona.

Asubuhi tuliamka saa kumi na moja. Teksi ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu. Hakuna kula wala kunywa kwake, na mimi sikuthubutu kunywa chai mbele yake. Mashine ilikuwa inaimba. Walibaki wageni wanne tu ambao zamu yao haijafika. Nikajua atawamaliza, muda upo.

Akazima.

Nikasema, bado wanne. Akasema watanisamehe. Akavuta kiti, akakigeuza ili sikio la kulia liwe kwangu. Akasema, "Sasa wewe, Mama Riziki. Ongea."

Miaka ishirini na sita sijanyamaza, mtaa mzima unajua. Leo kichwa kitupu! Nikaangalia huku na huku, nikaokota karatasi ya matangazo ya duka iliyokuwa mezani, nikaanza kusoma. Mapaja ya kuku. Viazi, mfuko wa kilo mbili. Sabuni ya kufulia, ukinunua mbili ya tatu bure. Siagi. Nilikuwa natafsiri humohumo, Kiswidi kinaingia kwa macho na Kiswahili kinatoka. Nilipofika kwenye chakula cha paka nikashusha karatasi. Hatuna paka. Akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nikasoma mpaka saa za kufungua duka siku za sikukuu, mpaka maandishi madogo ya chini yasiyosomwa na mtu.

Alikuwa anatabasamu, macho kafumba. Ndivyo alivyofumba kwa Shangazi. Hapana, zaidi. Kwa Shangazi hakunishika mkono.

Teksi ikapiga honi. Alisikia yeye kabla yangu.

Jumatano, 26 Machi

Yuko nyumbani. Uvimbe umetoka wote. Usikivu pia. Wanazungumzia kifaa, miezi ijayo, huenda.

Kichwa kinazunguka anaposimama, kwa hiyo namshika kiuno mpaka mezani. Jua limeingia jikoni leo, lile la Machi linaloonyesha uchafu wote wa madirisha. Nimesaga ulezi, nimepika uji. Nimeongea wakati wote, mazoea: madirisha, jirani na baiskeli yake ngazini, Riziki anayesema atahamia kwetu mwezi mmoja. Yeye alikuwa ananitazama mdomo.

Nikamwambia uji una moto.

Akaupuliza.