Aya Niliyoiruka Kwenye Fomu Yako

Mpendwa Mama,

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Ile fomu ya kliniki sikukusomea yote.

Unakumbuka siku ya wazazi shuleni? Ulikuja na mukimo umeufunga kwa leso, moto bado. Makena wa darasa letu akapiga kelele, "Eh! Shosho yako amekuletea chakula!" Nilitaka kusema huyu si nyanya, ni mama yangu, mimi ndiye kitinda mimba, alinizaa akiwa mkubwa. Nikaangalia viatu vyangu. Wewe ndiye ulinijibia: "Kuleni haraka, shosho anataka kurudi kwa mbuzi wake." Wote wakacheka. Mama, na mimi nilicheka.

Hukuniuliza chochote. Lakini likizo ilipofika nilikukuta mbele ya kioo, unavuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni. Kisha yule rafiki yako wa chama cha akiba akakuambia kuhusu kliniki: wanatoa mafuta kidogo tumboni, wanachuja seli shina, zile za kuzaa seli nyingine, halafu wanakudunga usoni ngozi irudi ujana. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Kumbe tumbo lililokuzaa wewe litanizalia na uso!"

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Ulinipa, ukaendelea kuchagua maharagwe. "Nisomee, wewe ndiye mwalimu wangu." Nilikueleza vizuri, Mama, mpaka aya ya mwisho. Hiyo ilisema matibabu haya bado yanafanyiwa utafiti, hakuna uhakika yatafanya kazi, na yanaweza kuacha uvimbe usioisha.

"Na hapo chini?"

"Ni anwani yao tu."

Ukafuta mikono, ukatia sahihi. Nilijua ukisikia hiyo aya utakataa. Na nilikuwa nataka siku ya wazazi inayofuata uje ukiwa mdogo.

Sasa hapa kijijini kwetu Dallas nyumba imenyamaza. Daktari wa hospitali alisema yale mabonge yaliyoota chini ya jicho la kushoto baada ya sindano za kliniki labda yatapungua, labda hayatapungua. Jumapili mbili ulienda kanisani umejifunika leso mpaka puani, ya tatu ukaenda Kiirua kwa tata, dada yako, na hujarudi. Baba alikuambia kabla uondoke, "Ulisomewa ukakubali. Ni tamaa yako." Nilikuwa hapo mlangoni. Ukamjibu polepole, "Ni kweli. Mtoto alinisomea." Ulikuwa unanitetea, na hukujua unanitetea kwa nini.

Ile mistari kando ya macho yako, ya kukunja uso kwa jua la shamba la kahawa, ilikuwa inajikunja kabla hujacheka. Nilikuwa najua kicheko kinakuja. Siku unaondoka ulijaribu kunichekesha, upande wa kushoto ukakataa kujikunja. Sikujua kama umecheka ama unalia.

Nimeandika hii barua mara nne. Kila nikisikia mtu naificha ndani ya kitabu cha hesabu.

Sasa nasikia gambuti za Baba kwa veranda. Anazigonga kutoa matope, halafu anakuja huku, maana taa yangu inawaka. Nimefunga kitabu cha hesabu, barua nimeiacha juu yake. Wacha asome yeye kwanza, ajue haikuwa tamaa yako. Kisha akuletee huko Kiirua kwa mkono wake.

Rudi na uso wowote, Mama. Makena akiuliza, nitamjibu mimi.

Ni mimi, kitinda mimba wako.